Darasa la Nne B Lifungwe

Paliondokea nchi moja, nayo haikwenda mbali. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu nchi yenyewe haipendi kutajwatajwa, na wenye nayo watajitambua bila kuitwa. Ilikuwa nchi ya amani, utulivu na nyaraka. Mji wake mkuu uliitwa Jiji, basi, Jiji tu. Katika Jiji hilo palikuwa na shule za msingi sitini na tatu, na juu ya shule hizo sitini na tatu palikuwa na kiti kimoja cha Afisa Elimu wa Jiji.

Kiti hicho hakikuwahi kupata joto. Ndani ya miaka saba kilikaliwa na watu kumi na mmoja, watu wazima, wasomi, wenye miwani. Wa tatu aliondolewa kwa kutangaza kwamba ufaulu umefika asilimia tisini na sita, siku moja baada ya Waziri kutangaza tisini na tano. Wa sita aliondolewa wakati bado anapigiwa makofi ya kukaribishwa. Wa tisa hakuondolewa, alisahauliwa tu, akawa anakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la wageni mpaka mkewe alipokuja kumchukua.

Bi Tunu Magombeka hakukitaka kiti hicho wala habari zake. Alikuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Kichangani, kule bondeni ambako maji yote ya Jiji hupita yakienda yanakojua yenyewe. Alikuwa na ugomvi mmoja tu hapa duniani, nao ni ugomvi na ukuta.

Ukuta wa nyuma wa Darasa la Nne B ulikuwa na ufa. Tunu alikuwa akiupima kwa penseli. Mwaka wa kwanza penseli iliingia ncha peke yake. Mwaka wa pili iliingia nusu. Mwaka wa tatu iliingia yote, ikamponyoka, akaisikia ikigonga mawe huko ndani ikiteremka. Siku hiyohiyo aliwatoa watoto wote mia moja na kumi na wanane, akawapeleka uani chini ya mwarobaini, akatundika ubao kwenye tawi, kisha akafunga mlango wa darasa kwa kufuli la nyumbani kwake. Hakumwomba mtu ruhusa. Alikuwa mwalimu mkuu tu, na mwalimu mkuu alikuwa bado ana uwezo wa kufunga mlango.

Lakini uani si darasa. Jua likihama, watoto nao walihama na madaftari yao, na masika yalipoanza walirudi makwao mpaka masika yaishe. Tunu alitaka kujengewa darasa jipya. Akaambiwa kwamba sheria iko wazi: darasa jipya halijengwi mpaka lile bovu lifungwe kwa maandishi, na mwenye kuandika ni Afisa Elimu wa Jiji. Akawa anamwandikia kila afisa aliyekalia kiti kile, mmoja baada ya mwingine, na kila barua ilipofika mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Ndipo siku moja, saa saba na dakika nne mchana, redio ikasoma jina lake. Katika nchi hiyo watu hawaambiwi vyeo vyao, wanavisikia. Mwalimu Hilali Bungara, msaidizi wake, alikuja mbio uani amekumbatia redio kifuani.

"Mama! Mama, umeteuliwa!"

"Nimeteuliwa nini tena, Hilali?"

"Afisa Elimu wa Jiji! Wamesema uteuzi unaanza mara moja. Yaani hapa tulipo umeshaanza!"

Tunu aliweka chaki chini. Hakufikiria gari wala ofisi yenye kapeti. Aligeuka akalitazama lile darasa lenye kufuli, na machozi yakamlengalenga.

"Basi ukuta wetu umepona," alisema.

Alisema hivyo kwa furaha ya kweli, maskini. Akamkabidhi Hilali shule, akamkabidhi na ufunguo.

*

Ofisi ya Afisa Elimu wa Jiji ilikuwa na watumishi arobaini na redio moja. Redio ndiyo iliyotunzwa kuliko vyote, ikifutwa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chake maalumu. Kuanzia saa sita hadi saa saba mchana hakuna mtu aliyetia saini, kwani ingetokea mtu akatia saini kumbe si yeye tena. Saa saba wote walisimama kusikiliza taarifa ya habari. Ikiisha bila bosi wao kutajwa, walimpa mkono wa pongezi, kisha wakaenda kula.

Mtu pekee aliyedumu humo alikuwa Bwana Kondo Mkwizu, Mkuu wa Masijala, aliyewapokea na kuwasindikiza wote kumi na mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kalamu nyekundu, na aliamini kabisa kwamba kazi yake ni kuzilinda barua zisije zikamdhuru mwandishi. Siku ya kwanza Tunu alimpa barua aliyoitunga akilini kwa miaka mitatu. Ilisema: "Kwa kuwa ukuta wa Darasa la Nne B, Shule ya Msingi Kichangani, una ufa mkubwa na unaweza kuua watoto wakati wowote, naagiza darasa hilo lifungwe."

Mkwizu aliisoma amesimama. Akaomba aketi.

"Mheshimiwa, kuna neno hapa."

"Neno gani?"

"Ufa. Waraka Namba Kumi na Nne uliliondoa. Nchi yetu haina nyufa. Tunasema changamoto ya ukutani."

"Haya, andika changamoto ya ukutani."

"Na kuua, Mheshimiwa. Kuua ni neno la polisi, litaleta mwingiliano wa majukumu." Akalikata. "Na watoto pia tuliwaacha tangu mwaka juzi. Tunasema wanufaika."

"Watoto niliowafundisha kuandika majina yao ni wanufaika?"

"Wa elimu, Mheshimiwa. Na hiyo 'kwa kuwa', wakubwa hawana muda nayo. Barua ni kitenzi. Hayo mengine ni mapambo."

Kalamu nyekundu ilipomaliza kazi yake, barua ilibaki na mstari mmoja: "Darasa la Nne B, Kichangani, lenye changamoto ya ukutani, lifungwe." Tunu aliisoma mara mbili. Iliyobaki ilikuwa fupi, lakini alichokitaka kilikuwemo, kimekaa mwishoni palepale. Lifungwe. Akatia saini saa tano na nusu, kabla ya muda wa hatari, na barua ikaenda Wizarani, kwenye Kitengo cha Utekelezaji.

*

Kitengo cha Utekelezaji kilikaa siku tisa kuijadili. Yaliyosemwa humo tunayajua kwa sababu waliandika muhtasari, na muhtasari ukagongwa muhuri wa siri, hivyo ukasomwa na Jiji zima.

Mjumbe wa kwanza aliuliza: darasa lifungwe nini? Maana madarasa hufungwa vitu vingi. Yapo yaliyofungwa umeme, yapo yaliyofungwa mabomba, na shule moja ya mjini kati ilifungwa feni, ingawa umeme haukuwa umefika. Mjumbe wa pili alisema huenda Afisa ana maana kwamba darasa lisitumike. Wenzake walimcheka sana. Nani, walimwuliza, anayepewa cheo asubuhi akaanza kazi kwa kupunguza madarasa? Huyo mjumbe aliomba radhi, na radhi yake imo kwenye muhtasari.

Mwenyekiti, mtu mwenye hekima iliyompandisha cheo mara sita, ndiye aliyeona jibu. "Changamoto, anasema, ni ya ukutani," alisema. "Someni vizuri. Ukutani hufungwa nini, ndugu zangu?"

Wote wakainua macho kwenye ukuta wa chumba cha mkutano. Pale juu, katika fremu yake, Mtukufu Kiongozi alikuwa anawatabasamia. Haya iliwashika. Ina maana miaka yote hii kuna darasa, ndani ya Jiji lenyewe, lisilo na picha ya Mtukufu, na Afisa huyu mpya alikuwa analileta jambo hilo kwa adabu ili asimuumbue mtu! Mmoja alitoa leso. Azimio lilipita bila kupingwa kwamba darasa lifungwe picha, tena si picha ya kawaida, bali ya mita tatu kwa mbili, yenye kioo mbele na fremu ya mninga.

Hilali alipiga simu siku ya kumi na tatu.

"Mama, wamekuja. Wamelifunga."

Tunu alishusha pumzi. "Alhamdulillahi."

"Hapana, mama. Wamelifunga picha."

"Wamelifunga nini?"

"Picha ya Mtukufu. Wamevunja kufuli lako, wametoboa ukuta kwa mashine, bolti kumi na mbili. Vumbi lilipotoka ufani mafundi wenyewe walikimbia, halafu msimamizi akawarudisha. Mama, tena wamesema picha ya Mtukufu haiwezi kukaa chumba kitupu. Lazima itazamwe. Nne B wote wamerudishwa ndani. Wamekaa humo sasa hivi ninavyozungumza na wewe."

Tunu alirudisha simu mezani. Watoto wale walikuwa salama chini ya mwarobaini kwa kufuli moja, bila barua ya mtu yeyote. Saini yake ndiyo iliyowarudisha chini ya ukuta, na hilo lilimchoma.

*

Alienda Kichangani alasiri ileile. Darasa lilikuwa limejaa mpaka dirishani, watoto watano kwenye dawati la watatu, na safu ya kwanza imebanwa mpaka kwenye ukuta wenye ufa. Picha ilikuwa juu ya vichwa vyao. Ubao ulikuwa umehamishiwa upande uleule ili wanafunzi wakitazama somo wamtazame na Mtukufu. Ufa haukuonekana tena, isipokuwa kwa juu, ambako ulichomoza kwenye fremu na kwenda kukutana na paa. Picha ilikuwa imeinama kushoto kidogo.

"Mbona imeinama?" Tunu aliuliza.

"Haijainama, mama," alisema Hilali kwa sauti ya chini. "Mkaguzi wa Picha alikuja mchana huu na pima maji. Picha imenyooka na ukuta. Ukuta ndio umeinama, lakini yeye si mkaguzi wa kuta."

Tunu alirudi ofisini akamwita Mkwizu, akamweleza kila kitu, akilia bila kujificha. Mkwizu aliguswa. Alivua miwani, akaifuta, akasema maneno ambayo kwa miaka yake yote humo hakuwahi kumwambia bosi yeyote: "Mama, nitakusaidia."

"Nisaidie. Nataka hiyo picha itoke ukutani na watoto watoke darasani."

"Kutoa picha ya Mtukufu hakuna. Hicho kitenzi hakipo." Mkwizu alifikiri sana. "Lakini iliyofungwa hufunguliwa. Bolti hufunguliwa, sivyo? Tuandike neno hilohilo lao, tuligeuze. Hawatakuwa na pa kutokea."

Tunu alimtazama kwa matumaini mapya. Wakaandika pamoja, kichwa kwa kichwa, na kalamu nyekundu haikugusa kitu: "Darasa la Nne B, Kichangani, lifunguliwe."

Safari hii Kitengo hakikuhitaji siku tisa. Kilihitaji dakika kumi, na dakika tano kati ya hizo zilikuwa za kumsifu mwandishi. Darasa lifunguliwe! Bila shaka lifunguliwe! Limeshafungwa picha, kilichobaki ni ufunguzi rasmi. Jibu lilikuja kwa tarishi mwenye pikipiki, limepambwa kwa utepe: Mheshimiwa Waziri amekubali kuwa mgeni rasmi. Afisa Elimu wa Jiji aandae vitambaa, hema, keki, matarumbeta, na wanufaika wa kuimba.

Mkwizu alisoma jibu lile, akaizungushia kalamu yake leso, akaomba likizo ya siku mbili.

*

Siku moja kabla ya sherehe alifika Kichangani mtu wa usalama, mwenye miwani myeusi na viatu visivyotoa sauti. Alikagua njia, akakagua hema, akaionja keki, akaingia Nne B. Humo alikaa sana. Tunu alimwona akiinua pembe ya picha, akichomoa kalamu mfukoni, akiiingiza ukutani, kisha akibaki ameshika hewa.

Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ukuta huu ni hatari," alisema. "Unaweza kudondoka wakati wowote."

Tunu nusura amkumbatie. Miaka mitatu na siku thelathini na nane, huyu ndiye mtu wa kwanza wa serikali kulitamka. "Kaka yangu, Mungu akubariki! Andika hivyohivyo. Andika nipe nakala."

"Nimeshaandika. Waziri hataingia. Utepe utakatiwa nje, mita kumi na tano kutoka jengoni."

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Walio ndani. Wale wanaoimba."

Mtu wa usalama akatoa karatasi mfukoni, akateremsha kidole kwenye orodha mpaka chini, akairudia kutoka juu. Hakuwa anafanya mzaha. "Hawamo kwenye msafara," alisema. "Mimi nahusika na msafara. Wao wataimba humohumo ndani, madirisha yawe wazi, sauti itafika."

"Basi nipe hiyo nakala, kaka. Nitahangaika nayo mwenyewe."

"Haiwezekani, mama. Inahusu usalama wa Waziri. Ni siri." Akaivua miwani kidogo, na kwa muda mfupi alionekana mtu mwenye watoto wake nyumbani. "Pole," alisema, akairudisha miwani.

Waziri alikuja kesho yake na magari kumi na tisa. Akakaa chini ya hema, mita kumi na tano, na watoto mia moja na kumi na wanane wakaimba ndani ya darasa, nyuso zikionekana madirishani. Alizungumza saa moja na nusu. "Wapo wanaosema hatufanyi kitu," alisema. "Je, hili si darasa? Natamka mbele yenu kwamba kuanzia leo, saa hii, darasa hili ni darasa! Na nimeambiwa jina la mama aliyelipigania. Barua mbili ndani ya mwezi! Mama, simama useme neno."

Tunu alisimama. Alikuwa ameamua, baada ya usiku mzima bila usingizi, kwamba atalitamka neno lile lililokatazwa, hapo mbele ya vipaza sauti, liwalo na liwe. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Waziri," alianza.

Sasa, wapiga matarumbeta walikuwa wameelekezwa kwamba kila wasikiapo "Mheshimiwa Waziri" wapige. Wakapiga. Tunu alingoja wamalize.

"Nasema, Mheshimiwa Waziri, ule ukuta..."

Wakapiga tena, kwa nguvu zaidi, wakidhani mara ya kwanza hawakumridhisha. Akajaribu kuacha cheo, akasema "Ndugu zangu, ukuta una ufa," lakini midomo ilikuwa bado kwenye matarumbeta na umati ulikuwa unapiga makofi. Waziri alimpungia mkono kwa upendo. Akakata utepe, keki ikaliwa, magari kumi na tisa yakaondoka. Ukuta haukuanguka. Ulisimama pale siku nzima kama mzima, na watu wakasema umeona, eti ulikuwa mbovu.

Kesho yake, saa saba na dakika sita, redio ilisema uteuzi wa Bi Tunu Magombeka umetenguliwa, na kwamba atapangiwa kazi nyingine. Sababu haikutajwa, kwani nchi hiyo haina mazoea ya kutaja sababu. Mkwizu alimsindikiza mpaka getini, akambebea mkoba.

"Siku arobaini, Mama," alisema. "Wapo waliofanya chini ya hapo."

*

Kazi nyingine aliyopangiwa ilikuwa kufundisha Darasa la Nne B, Kichangani.

Alikuta waraka mpya umebandikwa mlangoni: ni marufuku kwa mwalimu kumwamuru mnufaika yeyote kutoka katika darasa lenye picha bila barua. Hilali, sasa mwalimu mkuu kamili, alimpokea huku anatazama chini. "Nisamehe, mama. Nina watoto wangu wanne." Tunu alimwambia hana la kumsamehe. Naye alikuwa ameshakaa kwenye kiti kikubwa kuliko cha Hilali, akaona kilivyo.

Siku ya sita masika yakaanza. Mvua ya bondeni haina salamu. Ilishuka asubuhi ile wakati Nne B wako kwenye somo la Kiswahili, na Tunu akasikia nyuma ya ubao sauti aliyoifahamu, ya mchanga mwembamba unaomiminika ndani ya ukuta. Picha ilitikisika. Mtukufu aliinama zaidi kushoto, akitabasamu.

Tunu aliangalia mlango, akaangalia waraka. Alikuwa amekwisha kujifunza maneno yanavyofanya kazi katika nchi yake. Akageukia darasa.

"Leo tunarudia vinyume," alisema. "Kinyume cha cheka?"

"Lia!" waliitikia kwa pamoja.

"Kinyume cha panda?"

"Shuka!"

"Kinyume cha ingia?"

"Toka!"

"Sijasikia."

"TOKA!"

"Vizuri sana. Somo la leo ni kwa vitendo."

Watoto wakatazamana. Sikudhani, binti wa dawati la mbele ambaye hakupitwa na kitu, aliinua mkono. "Mwalimu, kwani tutoke kweli? Mvua inanyesha."

"Mimi sijasema neno, mwanangu. Nimeuliza kinyume cha ingia, mkanijibu ninyi. Nani anaweza kukionyesha upesi kuliko wenzake?"

Sikudhani alimtazama usoni. Akachukua mfuko wake, akatoka, na nyuma yake darasa zima. Mlango ulikuwa mmoja, nao walikuwa mia moja na kumi na wanane, na Tunu aliwahesabu kila mmoja akiwagusa kichwani. Alipofika mia moja na kumi na wanane alitoka na yeye. Hilali alikuwa anakuja mbio na mwavuli, anapiga kelele.

"Mama! Nani kawapa ruhusa? Barua iko wapi, mama?"

Ukuta ukaanguka kabla Tunu hajajibu. Haukuwa na mlio mkubwa kama alivyouwazia miaka yote ile. Ulijikunja tu katikati, ukalala juu ya madawati, na paa likaufuata. Watoto walisimama chini ya mwarobaini, wameloa chapachapa, wengine wanalia. Tunu akakaa chini kwenye matope akalia nao, na Hilali akamshikia mwavuli bila kuuliza tena.

*

Tume iliundwa ikiwa na wajumbe kumi na saba. Ilianza kwa kutoa shukrani kwamba picha haikudhurika. Kioo kilikutwa kizima chini ya kifusi, na magazeti yote ya kesho yake yaliandika kwa herufi kubwa: PICHA YANUSURIKA. Kisha Tume ikamwita Bi Tunu ahojiwe.

"Ukuta ule ulijengwa lini?" Mwenyekiti aliuliza. Alikuwa yuleyule wa Kitengo cha Utekelezaji, sasa amepanda cheo mara ya saba.

"Miaka thelathini na moja iliyopita, Mheshimiwa."

"Na miaka yote hiyo, wanufaika wakiwemo ndani, uliwahi kuanguka?"

"Haukuanguka, lakini..."

"Siku uliyowatoa, ulichukua muda gani kuanguka?"

"Kama dakika mbili."

Wajumbe waliandika. Wengine walitikisa vichwa kwa masikitiko. Ripoti ilitoka mwezi huohuo, ikathibitisha kwa takwimu kwamba kilichokuwa kimeushika ukuta ni wanufaika, na kwamba ulianguka kwa kuachwa peke yake. Tume haikupendekeza Bi Tunu afungwe, kwa kuwa mjumbe mmoja aliuliza afungwe nini na kikao kikaishia hapo. Ila ilitoa maagizo mawili. La kwanza: kuanzia sasa hakuna darasa katika Jiji litakaloachwa bila wanufaika saa za kazi, na yale yenye changamoto za ukutani yaongezewe wanufaika. La pili: picha ya Mtukufu ifungwe upya haraka, katika Darasa la Tatu A.

Mafundi walikuja na mashine yao na bolti kumi na mbili. Walipoondoka, Tunu aliomba ruhusa ya kuingia Tatu A kuchukua chaki. Watoto wa Nne B waliongezwa humo, kwa hiyo walikuwa mia mbili na ishirini na tisa, wengine wamekaa madirishani. Sikudhani alimpungia mkono kutoka nyuma. Tunu alijipenyeza mpaka kwenye ukuta wa picha, akachomoa penseli kwenye nywele, akaijaribu chini ya fremu. Iliingia nusu.

Alirudi kwenye chumba cha walimu, akakaa, akavuta karatasi. Akaandika tarehe. Akaandika "Yah: Darasa la Tatu A," akapiga mstari chini yake kwa rula, akashika kalamu kutafuta kitenzi. Alifikiria "libomolewe," akawaona wakilibomoa na watoto wamo. Alifikiria "lihamishwe," akaona Tatu A wanahamishiwa Pili B, ambako ukuta hajaupima. Alifikiria "litazamwe," akamwona Waziri anakuja kulitazama kutoka mita kumi na tano. Kila neno alilolishika aliligeuza upande wa pili, na upande wa pili walikuwepo watoto.

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Ng'ambo ya ukuta Tatu A walikuwa wanaimba jedwali la tano kwa sauti moja, na Tunu alikaa na kalamu mkononi, anawasikiliza wakifika hamsini na kuanza upya.